Barua kwa binti yangu: hoteli ya jangwani, au kulala nyikani?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema Januari mnakuja huku Omani, Maskat, mna siku nne za kwenda jangwani, na mmeshindwa kuelewana: mumeo anataka nyika tupu, tena lile jangwa kuu la Rub al Khali, na wewe unataka hoteli ya mahema yenye bwawa la kuogelea, maana umekesha wodini mwaka mzima na hamu yako ni usingizi. Umeniuliza mimi kwa kuwa niliendesha gari la maji kwenye jangwa la Sharqiya tangu wewe hujazaliwa.

Rub al Khali iondoeni kwanza. Ule ni mchanga wa kilomita za mraba zipatazo 650,000, na kutoka hapa siku moja itaishia barabarani kwenda na nyingine kurudi. Mwambie mkwe wangu kwamba hata Bertram Thomas, Mwingereza aliyeuvuka mwaka 1930 hadi 1931 kutoka Dhofar, kusini mwa Omani, mpaka Doha, alikwenda na Mabedui wa kabila la Rashid na Sheikh wao Salih bin Kalut. Wao ndio waliojua visima viko wapi. Nasoma watu wakimsifu yeye peke yake, na hilo huniuma.

Basi nendeni Sharqiya, mchanga ambao wengi bado wanauita Wahiba. Mji wa Bidiya, ulio ukingoni mwake, ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Maskat, barabara nzuri ya lami, na mchanga unaanzia nyuma ya nyumba za watu.

Hoteli za huko nazijua, zingine nilizipelekea maji. Ni safi, chakula kingi, bafu lina maji moto. Lakini wewe umenambia unataka kulala. Jioni magari yanapanda na kushuka vilima kwa makelele ili wageni wapige mayowe, usiku kuna muziki, na taa zinafifiza nyota. Na kila nilipojaza bwawa la kuogelea pale nilikuwa nawakumbuka akina mama wa Kibedui waliokuwa wakinisubiri na mapipa matupu. Sikuwahi kulizoea jambo hilo.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa mumeo, ila kwa safari ndogo kuliko aitakayo. Laleni usiku mbili, mahali pasipozidi saa moja ya gari kutoka Bidiya, penye mighafu. Mghafu ni mti ambao mizizi yake inakwenda chini sana kutafuta maji, na kivuli chake mchana hakina mfano. Msilale chini ya matawi makavu. Tena, watu hawaamini nikiwaambia, kule kuna umande. Bahari iko upande wa mashariki, na kuna usiku unyevu wake unaingia mpaka mchangani, alfajiri blanketi limelowa kama lililofuliwa. Chukueni turubai la kujifunika juu, na masweta, maana baridi ya Januari usiku si ya mchezo.

Muwe na gari mbili, zinazovuta magurudumu yote manne, na moja aendeshe Bedui wa pale pale. Hapo sina mjadala, na sababu yake sijawahi kukusimulia. Juni ya mwaka 1984, mimi na mwenzangu tulitumwa kupeleka pampu kambini, kilomita thelathini tu. Gari moja, madumu mawili ya maji, na aliyetutuma akasema hakuna haja ya mwongozaji. Tukazama saa tano asubuhi. Nilichimba kwa sahani ya kulia wali mpaka kucha zikatoka damu. Mwenzangu akataka kutembea kuifuata barabara, nikamshika kanzu, nikamvuta chini ya gari kivulini, tukakaa humo tukinywa kidogo kidogo. Karibu na magharibi akatokea mzee wa Kibedui. Hakuchimba hata mara moja. Aliokota kijiti, akatoa upepo kwenye matairi yote manne, gari likatoka. Angepita bonde la pili, wewe usingezaliwa.

Kwa hiyo matairi yapunguzeni upepo Bidiya kabla ya kuingia, kutoka psi 35 mpaka 18 au 15, na mkitoka mtayajaza hapo hapo. Maji ya kunywa watu husema lita tano kwa mtu kwa siku. Mimi nahesabu kumi, nyinyi wawili na mwongozaji, siku tatu: madumu matano ya lita 20, na moja lisifunguliwe kabisa. Gari likikwama, msiliache.

Mkikosa mwongozaji, au wewe ukifika umechoka kuliko unavyodhani, nendeni hotelini, na mumeo asinune.

Siku ya nne njooni nyumbani, mama yako ameshaanza kuulizia samaki wa kupaka.

Mimi nitafuatana nanyi mpaka Bidiya na kulala kwa rafiki yangu. Kambini kwenu sitakuja. Niachieni karatasi yenye jina la bonde mtakalolala. Mkiingia Jumatano, nitawatazamia Ijumaa saa nne asubuhi. Ikifika saa sita hamjatokea, nakuja na gari mbili.

Baba yako