Usizungushe 1013 mapema, mimi nilipitiliza futi 540 nikijiona niko sawa

Mkuu, hiyo tabia ya kuzungusha altimita (kipimo cha mwinuko) kwenye 1013, ile presha sanifu ya hektopaskali, mara tu flapu za mabawa zinapoingia, eti "kupunguza kazi", iache leo. Umeandika kwamba kapteni wako ndivyo alivyokufundisha na kesho unaanza nayo, halafu ukauliza pia kuhusu kurudia vibali vya mwongozaji wa ndege wa ardhini na mwendo wa kupanda futi 1,000 za mwisho. Nitafika huko. Hili kwanza, maana mimi lilinifikisha ofisini nikiwa nimeshika kofia mkononi.

Nilikuwa rubani msaidizi wa miezi minane. Mwalimu wangu, kapteni wa siku nyingi, aliniambia maneno hayo hayo: ukishapewa leveli (mwinuko unaopimwa kwa 1013) zungusha, usingoje mwinuko wa mpito (pale ndege zinazopanda zinapohamia 1013), utakuja kusahau. Kinachoniuma ni kwamba alinikinga nisisahau 1013, akaniachia nafasi ya kusahau QNH, yaani presha ya eneo tulipo inayotumika chini ya mpito.

Siku hiyo QNH ilikuwa 1033, mpito futi 6,000, na tulikuwa na kibali cha leveli ya 80, yaani futi 8,000 kwa 1013. Kwenye futi 2,500 hivi flapu zikaingia, mimi huyo nikazungusha, na kapteni niliyeruka naye akazungusha ya kwake. Tukalinganisha altimita: sawasawa kabisa. Mara mwongozaji akabadili kibali, tusimame futi 5,000. Nikarudia neno kwa neno, nikaweka 5,000 kwenye dirisha la otopailoti, tukainyooshea kidole wote wawili kama watoto wa shule. QNH hakuna aliyeirudisha.

Piga hesabu. Kutoka 1013 hadi 1033 ni hektopaskali 20, kila moja karibu futi 27. Otopailoti ikakamata "5,000" kwa ulaini wa kupendeza, nasi tuko futi 5,540. Juu yetu kulikuwa na ndege nyingine kwenye 6,000. Zile futi 1,000 za kututenganisha zikabaki 460. TCAS, mtambo wa kuonya ndege zinapokaribiana, ikaanza kututahadharisha, na mimi (cheka tu, nami nacheka) nikamlaumu yule wa juu kwamba ameshuka.

Mwongozaji akauliza tuko futi ngapi. Nikajibu 5,000, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Yeye kwenye skrini anaona 5,500, kwa sababu transponda, kifaa kinachoitumia rada mwinuko wetu, haijali umezungusha nini: hutuma kipimo cha 1013 siku zote, na kompyuta ya ardhini ndiyo inayokigeuza kwa QNH ya hapo. Akasema tu, "QNH 1033." Kimya kikatanda. Altimita ya akiba ilikuwa bado kwenye QNH, inasema ukweli muda wote mbele ya macho yetu.

Na usijifariji kwamba kulinganisha kutakuokoa. Saa mbili za mkononi zilizorudishwa nyuma dakika kumi zote husomeka sawa. QNH ikiwa ndogo kuliko 1013 kosa linageuka: unasimama chini ya ulipopangiwa, na huko chini kuna milima.

Nilipomfuata mwalimu wangu akanijibu, "Mimi nilisema uzungushe ukishapewa leveli." Kapteni, nilikuwa nimepewa leveli! Bahati yake fomu ya ripoti haina sehemu ya kuandika nani alikufundisha.

Sasa mkono wangu haugusi kitufe cha presha mpaka tupite mwinuko wa mpito. Na kama nimeshaweka 1013, mwongozaji akitaja futi badala ya leveli, neno la kwanza kutoka kinywani mwangu ni QNH, ndipo namba ya mwinuko. Waliozoea Marekani watakuona unakuza mambo, kwao mpito uko futi 18,000 na wakifika huko kazi imetulia. Sehemu nyingine uko futi 3,000 au 6,000, yaani unakukuta katikati ya flapu, orodha ya ukaguzi na kubadili masafa ya redio. Ndiyo maana kuwahisha kunatamanisha, najua.

Futi 1,000 za mwisho: punguza mwendo wa kupanda uwe chini ya futi 1,500 kwa dakika, TCAS ya mwenzako wa juu isije ikadhani unamjia.

Kapteni wako akikuuliza kesho mbona hujazungusha, mwambie bado tuko chini ya mpito. Akinuna, mwache anune mpaka mpito upite.