Uvimbe kwenye ini: si lazima apasuliwe

Pole sana, dada. Umesema baba yenu huko Ahero ana hepatitisi B (virusi vinavyoshambulia ini), sasa kapatikana na saratani ya ini ya sentimita 3, na unauliza kama lazima apasuliwe.

Si lazima. Daktari hutazama kwanza ini lililobaki: likijaa makovu, kulikata kunaweza kulimaliza nguvu kabisa. Uvimbe mdogo hivyo huweza kuchomwa kwa sindano ya joto. Ukizidi, huzibwa mshipa unaoulisha damu, au mgonjwa hupewa vidonge. Pale hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, ulizeni hasa hali ya ini lenyewe. Dawa za virusi asiziache, tafadhali.

Nanyi watoto pamoja na mama, mkapimwe wiki hii. Asiye na virusi wala kinga achanjwe. Mahindi yenye ukungu msile, hata yakioshwa, kwani sumu yake hudhuru ini.