Shangazi, kikundini wanasema naleta uchuro

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi niko Ujiji, nina kikoba na kina mama wenzangu, wengi tunauza dagaa Kibirizi. Mume wangu alifariki mwaka jana, eda nimemaliza, sasa kila nikimtaja kwenye kikao mtu anabadilisha stori, na juzi mwenyekiti kanambia kabisa hapa tunakusanya hisa, habari za vifo ni uchuro, utatufukuzia riziki. Nanyamaza, nikifika nyumbani nalia jikoni watoto wasione. Nihame kikundi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana pole ya mwaka jana leo bado ina kazi. Usihame. Huyo mwenyekiti kanichekesha kidogo, kwani kikoba chenu hakina mfuko wa jamii? Ile buku ya kila wiki mnaweka ya nini kama sio misiba na maradhi? Yaani kifo kina ukurasa wake kwenye daftari ila kukitaja kwa mdomo ndo uchuro!

Sisi kuzika tunajua, turubai litafungwa, maji yatachotwa, wali utapikwa, hitma itasomwa, alafu arobaini ikipita kila mtu na lake, na wewe ulikuwa ndani miezi minne na siku kumi, unatoka unakuta wenzio walishamaliza zamani.

Mfuate mwenyekiti pembeni, sio mbele za watu. Omba nusu saa ya kuongelea marehemu wenu mara moja kwa mwezi, hisa zikishahesabiwa, anaetaka abaki na asietaka aende na dagaa zake. London walishafanya, 2011 bwana mmoja Jon Underwood alikaribisha watu nyumbani kwake wakala keki wakaongelea kifo, akaita Death Cafe, yaani mkahawa wa kifo, na mpaka leo sharti lao ni hakuna mhadhara na hakuna wa kumsukuma mwenzie kufikia uamuzi. Nyie kahawa na kashata zinatosha. Ila mlikataze neno jikaze, hilo ndo linafunga watu midomo.

Mkizoea mtashangaa yanayotoka, mmoja atauliza hati ya kiwanja iko wapi, mwingine kumbe hajui kuwa wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi ya mali.

Wakigoma kabisa basi tafuta hata mmoja aliefiwa, humo hamkosi. Muulize marehemu wake aliitwa nani, alafu na wewe umsimulie wa kwako, alikuwa anapenda dagaa wa kukaanga au wa mawese.