Kutoka Westminster hadi Blantyre ya Scotland kwa gari, tutalala wapi bila kufilisika?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mi ni mtembeza wageni hapa Bagamoyo, kila siku nasimama na watu pale kwenye mnara wa misheni nawaeleza Februari 1874 kina Chuma na Susi walivyoufikisha mwili wa Livingstone, ukalazwa pale kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Sasa mdogo wangu anamaliza chuo Manchester, mahafali mwezi wa saba, tumejipanga mi na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 12. Nia yangu nikodi gari nianzie Westminster Abbey, lile kanisa la London alipozikwa Livingstone, nimalizie Blantyre alipozaliwa. Nimeangalia bei za hoteli nikazima simu. Kuna namna? Na sisi Waislamu, chakula je? (Msomaji, Dunda, Bagamoyo)

JIBU: Wa aleikum salaam mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha sana, mtu anayesimulia mwisho wa safari ile miaka yote ana haki ya kwenda kuona ilipoanzia. Na namna ipo.

Kwanza toa kichwani hesabu ya gesti zetu. Huku bei ya chumba imeandikwa pale kaunta, ufike Jumanne ufike Jumamosi ni ileile. Kule chumba kinauzwa kama tiketi ya ndege, yaani kitanda kilekile leo bei hii kesho bei ile. Miji ya kazi inashuka bei Jumapili usiku kwa sababu watu wa biashara wameenda kwao, miji ya watalii ni kinyume chake, wikiendi inapaa katikati ya wiki inapumua. Alafu shule za Uingereza zinafunga kuelekea mwisho wa mwezi wa saba, za Scotland zinakua zishafunga kabla, kwa hiyo mkiweza kumaliza safari kabla ya wiki ile ya mwisho mtaona tofauti. Manchester yenyewe buku mapema kuliko kote, wiki ya mahafali wazazi wa dunia nzima wako pale na nyinyi.

Ila angalizo, na hili kwetu Watanzania ni kubwa: bei ya chini kabisa kwa kawaida ni ile isiyorudishwa hela. Viza haijatoka, usiiguse. Chukua ile ya kughairi bure hata kama imezidi kidogo, viza ikitoka ndo urudi utafute ya rahisi.

Kwa familia ya watu wanne mi ningeanza na Premier Inn na Travelodge. Si za kifahari, ila ni safi, zina chumba cha familia cha wakubwa wawili na watoto wawili, na bei ni ya chumba, sio ya kichwa. Premier Inn mkubwa mmoja akilipia chai ya asubuhi kamili watoto wawili wanakula bure, na watoto wa umri huo wanakula kweli. Travelodge nyingine ziko palepale kwenye vituo vya mapumziko vya motowei, zile barabara kuu za mwendo kasi, unatoka barabarani unalala asubuhi unaendelea, mjini hukanyagi.

Na hapo ndo hela inapookolewa, usilale kwenye jina kubwa. London usiwe na gari kabisa, kuna tozo ya kuingia katikati na paking ni mwiba. Lala hata kwenye mabweni ya chuo, wanafunzi wakifunga vyuo vingi vinapangisha vyumba kwa wageni, LSE wanafanya hivo na wako katikati ya mji, nenda Westminster kwa miguu au kwa treni, gari lichukue siku ya kuondoka. Mnapanda na motowei ya M1 kisha M6 hadi Manchester, mbele yake kuna Lake District, milima na maziwa, pazuri mno, lakini Windermere mwezi wa saba bei ziko juu. Lala Penrith, iko ubavuni mwa M6, maziwani unaenda mchana unarudi. Au kama mnapenda kujipikia kuna YHA, hosteli zilizoanza 1930, usiogope jina hosteli, zina vyumba vya familia mnajifungia wenyewe na jiko la pamoja unaweza ukapika pilau yako, ile ya Ambleside iko ukingoni mwa ziwa. Blantyre nayo ni maili 8 hivi kutoka Glasgow, kwa hiyo huna haja ya kulala Glasgow katikati, angalia Hamilton au East Kilbride.

B&B ni nyumba ya mtu, vyumba vichache, chai ya asubuhi imo. Nazipenda kwa sababu mwenyeji anakaa na wewe anakueleza mji. Ila soma saa ya kupokea wageni. Sisi tulikua tunapanda Scotland mwezi wa sita, jua liko juu, watoto wanarusha mawe ziwani, nikaamini ni jioni tu kumbe inakaribia saa nne usiku, kule majira hayo Maghrib yenyewe inafika huko. Kufika, mlango umefungwa, mwisho wa kupokea ilikua saa mbili, simu haipokelewi, hela nishalipa. Tukalala hoteli ya jirani kwa karibu mara mbili ya ile bei, na mtoto mdogo analia usingizi. Kwetu ukishuka basi saa sita usiku unagonga geti unafunguliwa, kule sivyo, kwa hiyo fuata saa na sio jua, ukichelewa piga simu mapema.

Chakula: ile chai ya asubuhi ya Kiingereza soseji na bekoni ni nguruwe. Omba mayai, maharage, uyoga, nyanya, na sema tangu siku ya kubuku wakukaangie kwenye kikaango safi, wengi wanaelewa bila shida. Manchester nenda Rusholme, barabara ya Wilmslow imejaa migahawa ya halali.

Leseni yako ya Tanzania inatosha, mgeni anaruhusiwa hadi miezi 12, na wanapita kushoto kama sisi, ila kampuni nyingi za magari zinataka kadi ya krediti yenye jina la dereva. Ukifika Blantyre waonyeshe watoto kile chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba alipozaliwa 1813, sasa ni makumbusho.

SWALI: Kaka, kwani ukiwa na hema si unalala bure popote? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Scotland karibu popote ndiyo, sheria ya 2003 inaruhusu hema kwenye maeneo ya wazi mradi usiharibu na usikae sana, isipokua sehemu za Loch Lomond kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tisa zinataka kibali. Haki hiyo ni ya hema, kulala ndani ya gari haimo. England na Wales kwa kawaida lazima mwenye ardhi akubali, kwa hiyo tafuta kambi za kulipia, zina bafu na maji. Na ukienda Scotland ya magharibi kiangazi beba chandarua cha kichwani, usubi wa kule jioni ni wingu zima.