Maswali Yenu: Anga ya Kukodi, Siasa za Wenyewe

SWALI: Mstari wa ikweta unapita Kayabwe, barabara ya Masaka hapa Uganda, na vitabu vinasema roketi hufaidika zikirushwa karibu na ikweta. Kwa nini tusiwaite wawekezaji wajenge uwanja wa roketi pale? (Mwalimu wa fizikia, Mpigi)

JIBU: Mwalimu, faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyosikika. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa mita 465 kwa sekunde, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Cape Canaveral, iliyo nyuzi 28.5 kaskazini, hupata kama mita 408. Tunawazidi mita 57, wakati roketi inahitaji takriban mita 7,800 kwa sekunde ili isianguke. Tena setilaiti nyingi za kupiga picha mashamba hupita karibu na ncha za dunia, na hizo ikweta haizisaidii kitu.

Kinachotukwamisha ni upande wetu wa mashariki. Sehemu ya chini ya roketi ikimaliza mafuta hudondoka mamia ya kilomita mbele. Waitaliano waliporusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, walitumia jukwaa la baharini karibu na Malindi, mbele yao ikiwa Bahari ya Hindi. Kutoka Kayabwe, vyuma hivyo vingewashukia wavuvi wa Ziwa Victoria au watu wa Kisumu na Nakuru. Kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, kilionja jambo hilo tarehe 30 Desemba 2024: pete ya chuma ya kilo 500 hivi, yenye upana wa mita 2.5, ilianguka kutoka angani.

Na hata mwenye roketi hana uhakika nayo. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilipaa kutoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022, vita vya Ukraine vikiwa katika mwezi wa tisa. Roketi iliyoibeba, Antares, ilikuwa ya kampuni ya Marekani, lakini sehemu yake ya chini iliundwa Ukraine na injini zikatoka Urusi. Roketi ya muundo huo iliruka mara moja tu baada ya hapo, Agosti 2023, ikaishia hapo. Kama Marekani ilikwama hivyo, fedha zetu tusizipeleke kwenye roketi. Ziende kwenye kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Mpoma, Mukono, na kwa vijana kama wale wahandisi 3 walioiunda setilaiti yetu Japani. Antena na watu waliosoma hatunyang'anywi na vita vya wengine.

SWALI: Sisi ni ushirika wa kahawa Mlima Elgon. Kampuni ya kigeni inataka tuilipe kila mwaka itutolee ushahidi wa setilaiti kwamba hatujakata msitu, kama Ulaya inavyodai. Tulipe? (Katibu, Mbale)

JIBU: Msilipe kabla ya kuwa na mipaka ya mashamba yenu mikononi. Kuhusu msitu, Ulaya inauliza mambo mawili: shamba liko wapi, na je, msitu ulikatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020? Picha za kujibu swali la pili ni za bure. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, majira ya saa 4 na nusu asubuhi. Chagueni picha za Desemba hadi Februari. Za mwezi wa nne mara nyingi ni mawingu matupu.

Kazi yenyewe iko shambani, kwa miguu. Chini ya miti ya kivuli simu inaweza kukosea mita 10 au zaidi, kwa hiyo simameni kila kona dakika 2, namba za GPS zitulie, ndipo muandike, na ziwe na tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Shamba lisilozidi hekta 4 linaruhusiwa kuonyeshwa kwa nukta moja. Likizidi hapo, zungukeni mpaka wote, na nukta ya mwisho iwe ileile ya kwanza, la sivyo mpaka haufungi na faili litakataliwa. Chungeni pia mpangilio wa namba: faili la ramani la aina ya GeoJSON hutaka longitudo kwanza (34.18 kwa Mbale), kisha latitudo (1.08). Mkizigeuza, shamba litaonekana liko Algeria.

Picha hizo zina mpaka wake. Pikseli moja ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo nusu ekari ni pikseli 20 tu, na zile za ukingoni huchanganya mibuni na migomba ya jirani. Mkikata mti mmoja mkubwa wa kivuli, kompyuta inaweza kusema msitu umepungua. Wekeni daftari: tarehe mti ulipokatwa, sababu, na picha ya simu kutoka kona ileile kabla na baada. Hapo ndipo mtakapojitetea.

Mkiona bado mnahitaji picha kali zaidi za kununua, mkataba uandike kwamba mipaka ni mali ya ushirika na mtapewa faili zote mkiachana. Machi 2025 serikali ya Marekani iliisimamisha Ukraine kwa muda isipate picha za setilaiti za kampuni ya Maxar kupitia mfumo wake. Kama nchi iliyo vitani ilifungiwa, ushirika wa Elgon utamlilia nani?

SWALI: Ndugu yangu ataniletea dishi la Starlink, la intaneti ya setilaiti, kutoka Nairobi. Litashika Arua? Na umeme wake? (Mwenye duka, Arua)

JIBU: Setilaiti kupita juu ya Arua hakutoshi. Dishi linajua liko wapi kwa GPS, na kampuni hufungua huduma nchi kwa nchi kufuatana na leseni. Kenya na Rwanda zilifungua 2023. Hapa kwetu leseni na vibali vya vifaa ni kazi ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kwa hiyo ulizia huko kwanza. Dishi lisilo na kibali linaweza kubaki forodhani.

Dishi dogo hula wati 25 hadi 40. Kwa saa 12 fanya wati-saa 480. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100, usipoishusha chini ya nusu, inatoa 600. Mvua kubwa itakata mawimbi dakika kadhaa, hilo si ubovu.

Tunajua kwa nini wengi wanalitamani. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima siku za uchaguzi, na tulilipinga jambo hilo. Lakini swichi kuhamia kwa tajiri mmoja wa ng'ambo, Elon Musk mwenye Starlink, nako hatukuoni kuwa uhuru. Juni 2025 Trump na Musk walipogombana, Trump alitishia kukata mikataba ya serikali, Musk akatangaza kuviondoa kazini vyombo vya Dragon vinavyobeba wanaanga, kisha saa chache baadaye akarudi nyuma. Tunataka masharti ya leseni yoyote yachapishwe, yaseme nani anaweza kuzima, kwa amri ya nani, na kwa muda gani. Kwa duka lako, nunua ruta yenye nafasi ya laini ya simu, uiwekee bando dogo la akiba. Dishi likikatika itahamia huko yenyewe na malipo ya wateja hayatasimama.