Kuipima Seli Moja: Maswali Yenu kuhusu Spektrometa ya Tungamo

Katika safu iliyopita niligusia spektrometa za tungamo, mashine ambazo watafiti wanaziunda ili kupima kilichomo, hasa protini, ndani ya seli moja tu ya mwili, badala ya kusaga seli milioni moja kwa pamoja. Maswali yalikuja mengi kuliko nilivyotarajia. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na yaliyouliza bei ya mashine nimeyaacha.

Kutoka Changamwe: Hospitalini tunatolewa damu na majibu yanapatikana. Kuna haja gani ya kuhangaika na seli moja moja?

Ukiwa na karatasi ya majibu ya hemogramu, tafuta mstari ulioandikwa MCH. Kando yake utaona tarakimu kama 29, ikifuatwa na herufi pg. Hizo ni pikogramu, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Tarakimu hiyo hukuambia kiasi cha hemoglobini kilichomo katika chembe nyekundu moja, ingawa hakuna aliyeipima chembe hiyo: hemoglobini yote imepimwa, kisha ikagawanywa kwa idadi ya chembe. Ni wastani, na humfaa sana daktari anayechunguza upungufu wa damu.

Lakini wastani huficha mengi. Sisi wa Pwani tunaijua malaria. Ndani ya damu ya mgonjwa, vimelea vingi vya Plasmodium falciparum huendelea kuzaana humo humo, na ni sehemu ndogo tu inayogeuka kuwa vimelea vya kiume na vya kike, ambavyo mbu akivinyonya vitaendeleza maambukizi. Ukivisaga vyote pamoja na kupima protini zake, habari za hivyo vichache humezwa na vile vingi, ilhali mtafiti anayetaka kuzuia maambukizi anavihitaji hivyo vichache hasa.

Kutoka kwa mwalimu wa fizikia, Kisauni: Mashine hii hupimaje tungamo ya kitu kisichoweza kuwekwa kwenye mizani?

Hukipa kitu hicho chaji ya umeme, hukirusha ndani ya ombwe, kisha hutazama mwendo wake. Chepesi hupinda au hukimbia zaidi kuliko kizito chenye chaji ile ile. Francis Aston alijenga chombo cha namna hiyo huko Cambridge mwaka 1919, akakitumia kutenganisha isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye tungamo tofauti, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa protini kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu ni molekuli kubwa ambazo huvunjika ukijaribu kuzigeuza mvuke kwa moto. John Fenn alipitisha kimiminika katika sindano nyembamba yenye volti elfu kadhaa, kikatoka kama ukungu. Anayekumbuka mrashi ukirushwa maulidini ataelewa upesi, ila hapa kila tone lina chaji, nalo hukauka na kupasuka hadi molekuli ibaki peke yake hewani ikiwa nzima. Koichi Tanaka wa Japani alifikia lengo hilo kwa leza, na wote wawili walituzwa Nobel mwaka 2002. Chombo kinachotumiwa sana leo kwa seli moja ni Orbitrap, uvumbuzi wa Alexander Makarov: ayoni, yaani molekuli zilizokwisha kupewa chaji, huzunguka ufito wa chuma uliotuna katikati huku zikienda na kurudi kwa urefu wake, na kasi ya kwenda na kurudi huko ndiyo inayofichua tungamo.

Kutoka Likoni: Wakati wa korona tuliambiwa PCR huzidisha vinasaba vichache vikawa vingi. Kwa nini protini za seli moja zisizidishwe vivyo hivyo?

Swali hili ndilo kiini cha kazi yote. DNA huweza kunakiliwa, na RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA kisha ikanakiliwa. Protini haina njia kama hiyo. Seli ya kawaida ya binadamu ina takriban pikogramu 200 za protini, na kilichopotea hakirudi.

Hupotelea wapi? Mara nyingi hunata tu kwenye kuta za kichupa. Sonara wa Mji wa Kale hufagia meza yake jioni na kuyahifadhi mavumbi, kwa kuwa anajua tupa imekula dhahabu ngapi. Mtafiti hawezi kufagia, kwa hiyo dawa yake ni kupunguza ukuta wenyewe. Mwaka 2018, Ying Zhu, Ryan Kelly na wenzao katika maabara ya taifa ya Pacific Northwest, Marekani, walieleza mbinu iitwayo nanoPOTS, ambayo kazi yote ya maandalizi hufanyika katika tone lisilofikia nanolita 200 juu ya kipande cha kioo. Tone la kawaida la maji ni kubwa kuliko hilo mara mia mbili na zaidi. Waliweza kutambua protini zipatazo 1500 kutoka seli 10 hivi. Tone dogo hivyo hukauka haraka, ndiyo maana hutunzwa mahali penye hewa ya unyevu; joto letu la Machi tunalolilalamikia lina mwenzake huko, limetengenezwa kwa makusudi.

Mwaka huo huo, kundi la Nikolai Slavov mjini Boston lilikuja na njia nyingine, SCoPE-MS. Protini za kila seli hupachikwa alama yake ya kikemikali, kisha huchanganywa na protini za seli 200 hivi za kusindikiza. Wasindikizaji hao ndio wanaobeba hasara ya kunata, na pia huipa mashine ishara ya kutosha kuitambua protini. Alama zile huonyesha kila seli imechangia kiasi gani. Naiona kuwa hila nzuri sana, japo ina gharama: wasindikizaji wakizidi, vipimo vya seli moja hupotoka. Kundi hilo liliacha hata sabuni za kupasulia seli, kwa sababu sabuni hudai kusafishwa na kila usafi una hasara. Seli hugandishwa na kupashwa moto ndani ya maji matupu.

Kutoka Mtwapa: Seli hubaki hai?

Kwa kawaida hapana. Hupasuliwa, na protini zake hukatwa vipande kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini. Seli kubwa, kama za kiinitete cha chura, huweza kunyonywa kidogo kwa mrija mwembamba, na kiinitete kikaendelea kukua.

Kutoka Tudor: Binti yangu yuko kidato cha nne na anaipenda kazi hii. Asome nini?

Kemia kwanza, na hisabati asiiache, kwa kuwa seli elfu moja huleta jedwali kubwa lenye mapengo mengi, na kujua kama pengo ni protini isiyokuwepo au ni protini iliyokuwepo ikakosa kuonekana ni kazi ya takwimu. Programu ya kompyuta ataijifunza njiani. Akipata nafasi ya kushika pipeti, mrija wa kupimia vimiminika, mapema, hata katika maabara ndogo ya hospitali, aichukue.