Usimuulize mtoto anapenda kusoma nini

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kiswahili darasa la tano, hapa Moshi, niligawa vikaratasi: "Andika unachopenda kusoma." Karibu vyote vilirudi na Sayansi na Hisabati. Mmoja akaongeza, "na kumsikiliza mwalimu." Mtoto akiulizwa na mwalimu hujibu kile anachodhani mwalimu anataka kusikia.

Kwa hiyo wewe mwalimu mpya unayeripoti kituoni mwezi huu, acha kuuliza, tazama. Mimi nilifumbuliwa macho na maandazi. Mama anayeuza getini huyafungia kwa magazeti ya zamani. Kuna kijana mmoja ambaye kitabu cha kiada alikisoma kama anayesukuma mkokoteni mlimani. Siku moja nikamkuta andazi limeisha kitambo, karatasi ameikunjua, anasoma habari ya Yanga iliyolowa mafuta. Kipande cha mwisho kilikuwa kimechanika. Akanifuata: "Mwalimu, mechi iliishaje?" Swali kama hilo hakuwahi kuniuliza kuhusu hadithi yoyote ya darasani.

Nikaanza kuwa na kidaftari cha mfukoni: jina la mtoto na jambo moja tu. Huyu husoma kila kilichoandikwa nyuma ya daladala. Wale wasichana wawili hubishana maana ya majina ya kanga. Yule hukusanya vipeperushi vya watalii, maana baba yake ni mpagazi Mlima Kilimanjaro, njia ya Marangu, naye anataka kujua leo baba kalala Mandara au Horombo. Huyo nilimpa ramani ya mlima. Kesho yake alinisahihisha mbele ya darasa nilipokosea kimo cha Kibo. Ni mita 5,895, sijasahau tena.

Vya kusoma hupatikana. Boksi la katoni nyuma ya darasa, kurasa za michezo (ukurasa wa mikeka ya kubeti nauondoa), vipeperushi, vitabu vichache vya kuazima, na dakika kumi baada ya mapumziko. Usidai muhtasari! Nilidai mara moja, boksi likakaa wiki nzima bila kuguswa.

Na kidaftari kifiche. Wangu walikiona mezani, na kuanzia siku hiyo kila niliyempita alikuwa ameinamia kitabu cha Sayansi.